Swali la Sufuria

Mfuniko ulimpata Crispin juu ya jicho la kushoto, akaangukia gunia la mchele. Hakuona ulikotoka. Aliona tu mkono wa Éliézer, ule wenye vidole vitatu, umeinuka tena, na safari hii haukushika mfuniko, ulishika sufuria yenyewe.

"Weye njo uliandika," Éliézer alisema. Wala hakupaza sauti. "Ulikaa hapa, ku hii kiti, na ile tablette yako. Ukakula sombe ya maman, ukapanguza kinywa. Kisha ukatuandika."

"Sikuandika majina ya bantu, tonton. Ilikuwa..."

Sufuria ilimshukia begani. Ilikuwa ile kubwa ya aluminiamu, ya kupikia watu kumi, na mlio wake ulipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Crispin alijikunja, akaweka mikono kichwani, viwiko mbele, vile alivyojifunza utotoni. Kiatu cha kazini, kile chenye chuma puani, kikampata ubavuni. Mara moja. Kikarudi palepale. Jikoni kulinuka mkate ulioungua, na juu ya meza kulikuwa na barua nne zenye kidirisha cha nailoni, zote zimefunguliwa isipokuwa moja.

"Éliézer." Maman Pétronille alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kifuani, mkono mmoja kiunoni, pale mgongo ulipomkatikia miaka sita nyuma. "Unataka kuua mutoto ya bantu mu cuisine yangu?"

"Haiko tena cuisine yako, maman. Soma barua."

"Barua ya kifaransa miye minaisoma na nini? Na magoti?"

Éliézer akaitupa sufuria kwenye sinki. Akachukua ile bahasha ya nne, akamrushia Crispin usoni. "Akusomee yeye. Si njo mwenye kuandika."

Basi Crispin akasoma, amekaa sakafuni, jicho moja limefungwa na damu. Barua ilitoka ofisi ya msaada. Ilikuwa na aya tatu, safi, hazina hasira na mtu. Kuanzia mwezi ujao, wote wanaoishi kwenye nyumba yenye jiko moja watahesabiwa ménage moja, na msaada wao utapunguzwa theluthi. Asiyekubali atatembelewa ndani ya siku thelathini, saa ya chakula, bila taarifa. Akionekana anapika na kula peke yake, atarudishiwa kiwango cha mtu anayeishi peke yake.

"Ménage ni nini?" Maman Pétronille aliuliza.

"Ni jamaa. Banasema sisi wote hapa tuko jamaa moya."

Maman akacheka, mkono mdomoni. "Bon. Leo bazungu banasema kweli. Sasa munapigania nini?"

Hakuna aliyecheka naye.

"Maman," Crispin alisema, "ile banakata, njo loyer yako."

Maman akavuta kiti, akakaa. Walikuwa wapangaji wanne, si ndugu, kila mmoja na chumba chake, na jiko hili moja. Aliishi ghorofa ya pili ya nyumba hiyo, nyuma ya stesheni ya Gare du Midi, Ubelgiji, chumba cha dirisha moja linalotazama reli. Kwa miaka kumi na minne alisafisha maofisi alfajiri, kwa bosi ambaye hakumwandikisha popote, na mgongo ulipokatika bosi akabadilisha namba ya simu. Pensheni bado miaka mitano. Msaada ndio uliomshika, na karibu wote uliishia kwenye kodi. Ukitoa theluthi, kodi haitimii. Na mwenye nyumba hakuwa mtu wa kusubiri. Mwezi wa pili alimshusha Mguinea wa ghorofa ya juu kwa kumburuta akimshika kola, kichwa kikagonga kila ngazi, godoro likatupwa dirishani likaangukia baiskeli za watu. Maman Pétronille aliona yote. Alimfuata yule mtu na sahani ya wali barabarani, akamkuta anatema jino.

"Donc miye njo ninafuata," alisema sasa.

"Hapana, maman," Crispin akasema. "Ni kuonyesha tu kama unakulaka peke yako. Ni siku moya."

Maman alimwangalia kama vile amemtukania mama yake.

*

Swali lenyewe lilikuwa la kumi na saba.

Miaka miwili kabla, Crispin alikuwa anabandika matangazo ya matamasha usiku na kukimbia polisi. Shule aliiacha ana miaka kumi na sita, akampiga mwalimu wa hesabu kwanza ndipo akaondoka. Halafu akasikia kuna institut ya utafiti inatafuta watu wanaojua Kiswahili na Lingala, wakawaulize maskini habari za umaskini. Mkataba wa miezi mitatu, koti la mvua lenye nembo, tablette. Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa monsieur na mtu ambaye si askari.

Siku ya mafunzo, mkubwa wa utafiti, Madame Hilde, mama mfupi wa nywele za kijivu, aliwaonyesha ukutani picha ya zamani: kichochoro, watoto pekupeku, mwanamke mwenye uso wa kugonga mtu.

"Matajiri walisema hawa ni wavivu na walevi," alisema kwa Kifaransa chake cha polepole cha watu wa Flandre. "Halafu, Uingereza, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, watu wakashika madaftari wakapita mlango kwa mlango. Wakaandika mkate. Wakaandika sukari, na watu wangapi wanalala kitanda kimoja. Hapa Ubelgiji wengine walihesabu viazi vya wafanyakazi hata kabla ya hao. Ikaonekana mtu anafanya kazi kutwa na bado ana njaa. Serikali ilichelewa, lakini ilisoma. Watoto wakapata chakula shuleni, wazee wakapata pensheni. Ilianza na mtu aliyebisha hodi akauliza."

Crispin aliamini. Wala hakuwa mjinga. Alikuwa na njaa ya kuamini kitu. Jioni alimsimulia Maman Pétronille, na yeye akaendelea kuosha lengalenga, mchicha wa kwao.

"Donc kazi yako ni kuuliza bantu kama biko na njaa," alisema. "Na banakulipa. Sasa masomo ulikimbia nini, kama ni rahisi vile?"

Kwenye mafunzo hayo kulikuwa na mwanafunzi Mtanzania, Wilbroad, aliyekaa kiti cha pembeni yake. Ndiye aliyeinua mkono. "Na mtu akitudanganya, madame?"

"Mnaandika mnachoambiwa," Madame Hilde alijibu. "Si mnachokiona. Sisi si polisi."

Wilbroad akainama sikioni kwa Crispin. "Easy basi. Tunakwenda na masikio, macho tunayaacha home."

Swali la kumi na saba liliuliza kama watu wa nyumba hii wanakula kutoka sufuria moja. Madame Hilde alieleza kwamba hivyo ndivyo wataalamu wanavyoijua familia: si kwa damu, si kwa jina, ni kwa sufuria. Crispin akalipeleka milangoni. Kwenye Chaussée de Wavre, juu ya duka la vitenge, alifunguliwa na mzee mmoja mwenye kopo la sardini mkononi, uma umesimama ndani yake. Chumba kilikuwa na kiti kimoja. Kijiko kimoja. Sufuria haikuwepo kabisa.

"Papa, na bale bantu ba hii nyumba, munakulaka sufuria moya?"

Mzee akaficha kopo mgongoni. "Tunakulaka wote," alisema. "Unaniona miye mulozi?"

Crispin akabonyeza ndiyo. Angebonyeza nini? Kwao Kivu, anayefunga mlango akala ni mchawi, hakuna mtu aliyekaa akamfundisha hilo, alilikuta tu mdomoni pamoja na meno. Kumwandikia mwanaume wa miaka sabini kwamba anakula peke yake ilikuwa ni kumtemea mate. Na sheria ya kazi ilikuwa wazi: andika unachoambiwa. Kwa hiyo akaandika. Nyumba mia mbili na kumi na mbili, na waliosema hapana walikuwa wanne, mmoja amelewa. Nyumbani kwao hakuuliza hata kidogo. Alibonyeza ndiyo mara nne, mdomo umejaa sombe, huku Maman Pétronille anamwongezea.

Kazi ilipoisha Madame Hilde alimshika mkono kwa mikono miwili. "Mshikamano wa ajabu," alisema. "Hizi takwimu zitaongea."

*

Siku ileile ya mfuniko alipanda tram mpaka institut. Jicho lilikuwa limevimba halifunguki, na kila kituo mtu alibadilisha kiti.

Madame Hilde alishuka mwenyewe mapokezini. Hakumpandisha juu.

"Crispin. Nani amekufanya hivi?"

"Swali la kumi na saba."

Alielewa mara moja, shingo ikamwiva. "Nimeiona hiyo sheria. Nilieleza, sura nzima, kurasa arobaini: kugawana chakula hakuondoi umaskini, kunauficha. Serikalini hawakusoma. Walichukua jedwali moja."

"Langu."

"Letu."

"Wapigie simu. Waambie watu walijibu kwa aibu. Waambie mimi nilimwona mzee na kopo la sardini, sufuria hana, nikaandika ndiyo."

Akatazama nyuma, kwa mlinzi, kisha akashusha sauti. "Hilo usimwambie mtu mwingine. Wakisikia data ina kasoro watatupa utafiti wote. Hata zile sehemu zinazowasaidia."

"Zimemsaidia nani?"

"Haya mambo yanakwenda polepole. Nimeandika makala, inatoka vuli."

"Maman Pétronille anatolewa nje mwezi ujao."

"Hasira yako naielewa. Naiheshimu." Alimgusa mkono, akaona damu kwenye mkono wa shati, akaurudisha mkono wake. "Tunaandaa utafiti mpya, juu ya madhara ya sheria hii. Nitahitaji watu wenye uzoefu wa kuuliza. Ningefurahi ukirudi."

Pembeni ya mlango kulikuwa na rafu ya vioo, na juu yake ripoti zimepangwa kama mikate. Kwenye jalada walichora sufuria inatoka mvuke, na mikono ya rangi mbalimbali inaizunguka. Crispin hakupanga kitu. Aliishika rafu kwa juu akaivuta. Ilishuka yote, vioo vikatawanyika mpaka kwenye lifti, akaanza kuzipiga teke zile ripoti moja moja, ukutani, darini, miguuni kwa yule mama, mpaka mkono ukamzunguka shingo kwa nyuma.

Mlinzi alimlaza shavu juu ya vioo, akamkunja mkono mpaka kisogoni, akaweka goti katikati ya mabega. Ubavu alioupiga Éliézer ukalia, na sauti yake Crispin aliisikia ndani ya meno.

"Tulia, yaya, ndugu yangu," mlinzi alimwambia sikioni, kwa Kiswahili cha Bukavu kabisa. "Tulia. Miye pia niko na batoto. Usinifukuzishe."

"Niachilie."

"Baache kwanza kutuangalia. Kisha ninakuachilia." Goti likazama zaidi.

"Taratibu, tafadhali," Madame Hilde alisema kwa mbali. Alikuwa anaondoka, anainua miguu asikanyage ripoti.

Polisi hawakuitwa. Madame Hilde ndiye aliyekataa waitwe. Crispin alitolewa nje kwa kusukumwa, akakaa kwenye ukingo wa barabara anachomoa vipande vya kioo shavuni, na watu wakampita wakidhani analia.

*

Jumamosi Éliézer alileta nyundo.

"Bale ba ofisi bakikuya basikute meza," alisema, akaishusha. Ilikuwa meza nzito ya mwaloni, Maman Pétronille aliiokota barabarani mwaka aliohamia, wanaume wanne wakaibeba. Pigo la tatu likapasua ubao. Maman alikaa ngazini, ameziba masikio, na kila pigo likimtikisa mabega. Éliézer alipomaliza miguu ya meza akageukia mabenchi. Jasho lilimtoka, na usoni alionekana kama mtu anayemwua mtu anayemjua.

Baada ya hapo kila mmoja akanunua kufuli na jiko dogo la umeme. Gracieuse wa chini, anayelea wazee majumbani mwao, alihamisha mafuta na chumvi yake chini ya kitanda. Fyuzi zilikatika kila saa sita mchana. Nyumba ikanuka vyakula vinne kwa pamoja, milango imekomewa, vijiko vinagonga nyuma ya mbao. Wiki ya pili Gracieuse alimchoma Éliézer mkono na uma kwa sababu ya chupa ya mafuta. Hakuna aliyewaamua. Mwaka uliopita hao wawili walikuwa wanakula kutoka sinia moja, wanagombea ukoko na kucheka.

Wakaguzi walianza kuja. Wa Éliézer alikuwa mzungu mnene mwenye mafua. Éliézer alimfungulia, akakaa kitandani, akala maharage baridi kutoka kwenye kopo, macho yake kwenye macho ya yule mtu, mpaka kopo likaisha. Alirudishiwa theluthi yake. Gracieuse naye alipita. Crispin alipita, alikula mkate amesimama.

"Umeona?" Éliézer alimwambia kwenye ngazi. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Crispin tangu siku ya mfuniko. "Ni kukula tu. Mufundishe maman kukula."

Kila mchana Crispin alishuka kwa Maman na ugali na sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwani kwao, akafunga mlango, akapiga magoti mbele ya kitanda.

"Sema: minakulaka peke yangu."

"Sisemi."

"Basi usiseme. Kula tu. Miye ninageuka."

"Ukigeuka bado uko ndani."

"Basi ninatoka."

Alitoka. Aliporudi sahani haikuwepo. Maman alikuwa ameishusha, ameiweka mbele ya mlango wa Éliézer, amebisha hodi kama siku zote. Éliézer akafungua, akaiona, akaangalia juu na chini ya ngazi kama mwizi. Kisha akaipiga teke. Sambaza zikateremka ngazi zote, na Maman akazifuata, kitako kwa kitako kwa sababu ya mgongo, anaziokota.

"Unataka bantu bakose yao juu yako?" Éliézer alimfokea. "Ubaki mu chambre yako, mushenzi ya mama."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo katika nyumba ile. Éliézer mwenyewe alifunga mlango haraka.

Siku ya ishirini na moja Crispin alimkuta Maman amekaa gizani, pazia limefungwa, mikono mapajani. Siku kumi alikuwa anakunywa chai tu. Shingo ilikuwa imebaki kamba mbili.

"Nitakuambia kitu," Maman alisema. "Ku Kadutu, kule Bukavu, nilikuwa na miaka makumi mbili na mbili. Jirani yetu, mwanamuke mumoya, mume alikufa, batoto balikufa. Alikuwaka anafunga mulango anakula. Bantu bakaanza kusema. Siku moya bakamutosha inje. Bakamuvalisha mpira ya gari, bakaweka petrole. Nilikuwa pale, Crispin. Sikusema kitu. Alikuwa bado na bugali mu mukono."

"Hapa haiko Kadutu, maman. Hapa banachoma ule mwenye anakula na benzake."

"Basi banichome."

Crispin akamshika mabega. Alimtikisa, mara moja, mara mbili, kichwa chake kikaenda mbele na nyuma, na akashangaa alivyokuwa mwepesi, kama koti lililobaki kwenye kiti. "Utalala inje," alimwambia usoni, mate yakamrukia. "Unasikia? Mwenye nyumba atakuburuta ku ngazi na huo mugongo. Utakufia barabarani, na nani atakuletea wali? Nani? Sisi wote tuko na makufuli."

Alipomwachia, Maman alirekebisha kitambaa kichwani.

"Bon," alisema. "Akikuya, nitakula. Juu yako weye. Si juu ya loyer."

*

Mkaguzi wa Maman alikuja siku ya ishirini na saba, saa sita na dakika kumi, mvua inanyesha.

Crispin alimjua kwa sura. Tasnim, alikulia mitaa miwili kutoka hapo. Mama yake alikuwa akipeleka supu kwa majirani wakati wa Ramadhani, hata nyumba hii iliwahi kupata bakuli. Sasa alivaa koti la bluu la ofisi na kushika tablette yenye ganda la mpira. Aliiruka ngazi iliyovunjika bila kuiangalia.

"Bonjour, madame. Samahani kukukatiza," alisema kwa Kifaransa. Kisha kwa Crispin: "Wewe?"

"Natafsiri tu. Hajui Kifaransa."

Akaingia. Alihesabu mswaki, mmoja. Kikombe kimoja, taulo moja, mto mmoja. Alifungua kabati akaona jozi mbili za viatu, akavigeuza kuangalia namba. Akagusa jiko la umeme. Lilikuwa la moto. Hakuwa na kiburi. Alikuwa na haraka na amechoka, na alisema pardon kila alipogusa kitu.

"Mwulize anakula na nani."

Crispin akauliza. Maman Pétronille alikaa kwenye ukingo wa kitanda, sahani magotini, anaangalia sahani.

"Anasema na mtu," Crispin alisema. "Yaani, hapana. Na mtu yeyote, hapana."

"Hakusema kitu."

"Ana aibu."

Tasnim alishusha pumzi. "Basi ale. Mimi ninahitaji kuona tu. Dakika mbili, nawaacha."

"Kula, maman," Crispin alisema. Alijaribu kuifanya sauti yake iwe ya kawaida. "Vile tulisema."

Maman akanawa vidole kwenye bakuli. Akakata tonge, akalibonyeza kwa dole gumba, akachota sambaza mbili. Mkono ukapanda. Ukafika nusu ya njia, ukasimama. Alimwangalia yule msichana aliyesimama juu ya zulia lake, maji ya mvua yanamtiririka kwenye koti, midomo imepauka kwa baridi. Miaka sitini na moja, na hajawahi kumeza kitu mbele ya mtu aliyesimama.

"Weye ulikula, mutoto yangu?" alisema. Sahani ikaondoka magotini, ikanyooshwa. "Kaa. Tukule."

Tasnim hakuhitaji mkalimani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshainuka kidogo, wenyewe.

Crispin akapiga. Alikusudia sahani. Mgongo wa mkono wake uliipata kwenye ukingo, ukaendelea, ukamkuta Maman mdomoni. Sahani ikapasukia kwenye radiator. Maman akaenda ubavu, kutoka kitandani mpaka chini, akatoa sauti ndogo kama mtu aliyekanyagwa kidole. Nje kwenye ngazi hakuna mlango uliofunguliwa. Vijiko tu, nyuma ya mbao, vilinyamaza.

"Amesema nini?" Tasnim aliuliza.

"Amesema anakula peke yake. Siku zote."

Tasnim alimtazama. Akaitazama sahani. "Na wewe ni nani kwake?"

Maman Pétronille, pale chini, alikuwa anamwangalia pia.

"Si mtu kwake," Crispin alisema. "Mimi ni wa ghorofa ya tatu."

Msichana aliandika hilo. Akatelezesha kidole kwenye kioo, akasoma, akarudia kusoma, kama anayetafuta mlango wa kutokea. "Fomu haifungi," akasema mwishowe. "Inataka niwe nimemwona anakula. Nasikitika. Bila hivyo inakwenda yenyewe kwenye kukatwa."

Crispin akapiga magoti. Alitaka kumshika mkono, Maman akauvuta. "Maman," alisema. "Maman, s'il te plaît."

Maman alitambaa kidogo, akaokota tonge lililoangukia chini ya kitanda. Lilikuwa na vumbi na kipande cha sahani. Kile kipande alikichomoa kwa kucha, akakiweka pembeni kwa uangalifu, asije mtu akakikanyaga. Halafu akawageuzia mgongo wote wawili, akaelekea ukutani, akatia tonge mdomoni. Taya zikaanza kusogea, polepole. Damu ilimshuka kidevuni ikadondokea kitenge.

Tasnim alisimama palepale mlangoni, kidole juu ya kioo, anasubiri ameze.